SADAKA YA MASOMO IFIKE MASOMONI

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 12:4-15, Marko 12:38-44, 2 Wakorinto 8:16-21



Neno nililopewa kuwaandikia leo si neno tamu. Lingefaa kusemwa na mtu mwenye mikono safi kuliko mimi. Lakini mchungaji wetu aliniambia, "Wewe shemasi uliyeshika kitabu cha hesabu, wewe ndiwe uandike." Nami nimetii.

Mwezi ujao tutakuwa na nsinsani kwa ajili ya masomo ya watoto wetu wa kijijini, ng'ambo ya mto, barabara ya kwenda Ubundu. Kabla mtu hajatia mkono mfukoni, ni vema asikie kwanza habari ya sanduku moja lililowekwa Yerusalemu zamani sana.

HABARI YA SANDUKU

Fungueni 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliona kwamba nyumba ya Bwana imebomoka. Akawaagiza makuhani wapokee fedha za watu, kila kuhani kwa wale anaowajua, na kwa fedha hiyo watengeneze mahali pote palipobomoka. Agizo lilikuwa jema, na watu walitoa. Lakini tunasoma kwamba hata mwaka wa 23 wa ufalme wake, makuhani walikuwa hawajatengeneza kitu.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Biblia haisemi kwamba watu walikuwa wachoyo. Haisemi kwamba walisinzia wakati wa matoleo. Fedha ilitoka katika mikono ya watu, lakini ukutani haikufika. Ilipotea njiani, katikati ya mkono na ukuta. Wala Biblia haitaji jina la mwizi. Labda hapakuwa na mwizi hata mmoja. Labda kila mara lilitokea jambo jingine la haraka, jambo jema pia, nao wakasema, "Tuchukue kwanza hapa, tutarudisha baadaye." Hivyo miaka ikapita.

Ndipo mfalme akamwita kuhani Yehoyada na makuhani wengine akawauliza sababu. Wakakubali wasipokee tena fedha mikononi mwao. Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume, mahali ambapo watu wote wakiingia wanaliona. Fedha ilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme alikuja pamoja na kuhani mkuu, wakaihesabu wote wawili, wakaifunga mifukoni, wakaitia mikononi mwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi, waashi na wakata mawe.

Kuna neno moja katika mstari wa 13 ambalo nililisoma mara nyingi bila kulisikia. Linasema kwamba fedha ile haikutumiwa kutengeneza vikombe vya fedha, wala mabakuli, wala tarumbeta. Tarumbeta, ndugu zangu! Vitu hivyo vyote ni vya nyumba ya Mungu, si vitu vya dhambi. Lakini fedha ya ukuta ilikuwa fedha ya ukuta. Nitarudi kwa neno hilo la tarumbeta, maana ndilo lililonipiga.

SISI NI WATOTO WA NSINSANI

Vijana wengine wanasikia nsinsani kila Jumapili, lakini hawajui maana yake. Ni neno la Kikongo, nalo ni kushindana kwa kuvutana. Akina baba wanavuta upande wao, akina mama upande wao, vijana upande wao. Kila kundi linapita mbele na toleo lake kwa wimbo, hesabu inatangazwa, na walioshindwa wanarudi tena. Kuna kicheko na furaha. Mwisho, mali yote inakwenda mahali pamoja. Kwa njia hiyo waamini maskini wa Kanisa letu walijenga vitu ambavyo matajiri hawakuvijenga. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa matoleo na mikono ya waamini. Vivyo hivyo shule zetu nyingi.

Kumbukeni tunakotoka. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa tisa wa mwaka uleule alikamatwa, mwezi wa kumi akahukumiwa kufa. Mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu ikawa kifungo cha maisha, na miaka 30 baadaye, tarehe 12 Oktoba 1951, Papa akafa mfungwa kule Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Waamini wake walitawanywa mbali na kwao. Wengine waliletwa hata huku kwetu, mpaka Lowa, unapopanda mto kupita Ubundu. Hawakuwa na misioni ya Ulaya ya kuwatumia fedha. Walichokuwa nacho ni kazi ya mikono yao.

Kanisa lilitambuliwa na Serikali tarehe 24 Desemba 1959, na wazazi wetu waliendelea kujenga. Mwisho wa mwaka 1974 Leta ilitwaa shule zote za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na makanisa ili yaongoze shule tena: Wakatoliki, Waprotestanti na sisi Wakimbanguisti. Tangu siku ile shule zetu zinaitwa shule za mapatano: Leta inaweka programu na kulipa walimu, Kanisa linaongoza. Lakini yeyote aliyesoma Kongo anajua kwamba paa, madawati na choo vilibaki kwa muda mrefu katika mikono ya wazazi.

Mimi ni mtoto wa wakati wa prime. Miaka ya 1992 na 1993, mishahara ya walimu ilipokuwa haifai tena kununua hata unga, wazazi walianza kulipa prime ili kalasi zisifungwe. Asiyelipa alirudishwa nyumbani. Nimerudishwa mara nyingi, daftari kwapani, napita Mangobo nikiogopa kukutana na watu wanaonijua.

Nilipokuwa mwaka wa sita wa sekondari, baba yangu alikuwa mgonjwa, na fedha ya mtihani wa Leta haikuwapo. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Jumapili moja mama mmoja wa paruasi aliniita nyuma ya kanisa, akanitia bahasha mkononi. Akina mama walikuwa wameuza kwanga na mikungu ya ndizi sokoni kwa siku kadhaa, bila kuniambia. Sikujua majina yao yote, na mpaka leo siyajui. Juu ya diploma yangu ya Leta kuna jina moja tu, jina langu. Ingekuwa haki mama wale wote waandikwe pia.

UKURASA NILIOTIA SAHIHI

Sasa nawaambia jambo ambalo wengi wa paruasi yetu wanalijua, lakini wa paruasi nyingine hawalijui.

Miaka michache iliyopita tulifanya nsinsani kwa ajili ya shule ileile ya kijiji. Kalasi zake zilikuwa za udongo, zimefunikwa kwa majani ya ndele, na ndele ilikuwa imeoza. Tulitaka kununua mabati, ndiyo matole. Mungu alitubariki. Akina mama walishinda akina baba mara tatu. Watu wa kijiji chenyewe walituma mchele juu ya baiskeli. Mama mmoja mjane alileta mbuzi wake wa pekee, akamfunga kwenye mti mbele ya kanisa, na mbuzi akauzwa palepale. Mimi niliandika kila kitu. Juu ya ukurasa niliandika: MASOMO.

Majuma machache baadaye tulipata habari kwamba wageni wakubwa wa Kanisa watapita kwetu. Tarumbeta za fanfari yetu zilikuwa zimeharibika, na vijana hawakuwa na nguo nzuri za kijani na nyeupe. Komite ikakaa. Mmoja akasema, "Fedha ya masomo ipo. Tukope kidogo, nsinsani ijayo tutarudisha." Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Chini ya neno MASOMO niliandika MKOPO, nikatia sahihi yangu.

Wageni walikuja. Fanfari ilipiga vizuri sana, tukafurahi. Nsinsani iliyofuata ilikuwa na kazi nyingine, na ile ya baada yake ilikuwa na kazi nyingine tena. Hakuna mtu aliyekula hata franga moja. Lakini mabati hayakununuliwa.

Msimu wa mvua nilitumwa kijijini na kundi la waimbaji. Tulivuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga, tukaendelea kwa baiskeli. Tulifika asubuhi, wakati wa somo la hesabu, na mvua ikaanza. Maji yalishuka katikati ya kalasi. Mwalimu alikuwa ameandika ubao mzima, na chaki ikatiririka mbele ya macho yetu. Watoto hawakushangaa. Waliinuka bila kelele, kila mmoja akaficha daftari lake chini ya nguo, wakasimama kandokando ya ukuta kama watu waliozoea. Kisha mwalimu akawaambia warudi nyumbani.

Mama yule wa mbuzi alikuwapo, mjukuu wake anasoma pale. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza, "Baba shemasi, mabati yetu yamefika wapi?" Hakuuliza kwa hasira. Alidhani yako njiani, labda yamekwama ng'ambo kwa kukosa mtumbwi mkubwa. Sikupata la kumjibu. Mimi niliyesomeshwa kwa kwanga ya mama nisiowajua, nilikuwa nimegeuza mbuzi wa mama huyu kuwa tarumbeta.

YESU ALIKAA KULIELEKEA SANDUKU

Tunapenda kuhubiri juu ya mjane aliyetoa senti zake mbili hekaluni. Tunaitumia habari hiyo wakati wa matoleo, ili maskini naye atoe. Lakini ni mara ngapi tunaanza mistari miwili mitatu juu yake? Katika Marko 12, mstari wa 40, kabla mjane huyo hajaonekana, Bwana Yesu anawahukumu waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mara moja baada ya neno hilo anakaa kulielekea sanduku la hazina na kutazama. Mwenye senti mbili alionekana. Je, mwenye ufunguo hakuonekana?

Nasi mashemasi tukumbuke kazi yetu ilianzaje. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, watu walinung'unika kwa sababu wajane wengine walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea. Waliwaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Basi shemasi anayewaambia watu wasiulize habari za mali ya Mungu amesahau siku ya kuzaliwa kwake. Mtume Paulo naye, alipokusanya msaada mkubwa wa makanisa, alituma ndugu wengine pamoja na Tito, ili mtu asipate sababu ya kuwalaumu. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya watu pia. Kama Paulo hakuubeba mfuko bila mashahidi, mimi ni nani niubebe peke yangu?

Niliporudi mjini nilimweleza mchungaji. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, miguu bila viatu kama kawaida yetu, nikasoma ukurasa ule kwa sauti, tangu mbuzi mpaka sahihi yangu. Wengine walikasirika. Mjumbe mmoja wa komite alisema nimeliaibisha Kanisa. Lakini vijana wa fanfari ndio waliosimama kwanza. Walisema, "Tarumbeta ziko mikononi mwetu, deni hili ni letu." Walikwenda kubeba mchanga kwa watu wanaojenga, wakaleta mshahara wao. Komite ililipa sehemu yake, nami yangu. Kwa fedha hiyo tulinunua mabati ya kalasi mbili. Bado kalasi nne.

"SI MASOMO NI BURE?"

Wengine wanauliza: tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya primere katika shule za Leta na za mapatano ni bure, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoandika katika kifungu cha 43. Basi nsinsani ya nini tena?

Swali hili ni la haki. Tumshukuru Mungu kwa ajili ya jambo hilo. Mtoto wa leo hapiti Mangobo na daftari kwapani kama mimi. Lakini mlango ulipofunguliwa, watoto wengi waliingia, na kalasi zikajaa kupita kiasi. Bure maana yake mtoto haombwi fedha. Haina maana kwamba ndele haiozi. Wenye umri wangu mnakumbuka mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katika mji wetu, na mabomu yakaharibu nyumba na shule. Tungengoja tu, watoto wangekaa nje miaka mingapi?

Lakini sikieni pia upande wa pili. Kwa kuwa masomo ni bure, nsinsani yetu isigeuke kuwa prime mpya. Asiwepo mwalimu, wala mzazi wa komite, wala shemasi atakayesimama mlangoni mwa kalasi na listi ya waliotoa na wasiotoa. Toleo linafanyika kanisani, kati ya watu wazima, kwa hiari. Mtoto ambaye mama yake hakutoa kitu atakaa chini ya bati lilelile, safu ya mbele kama macho yake ni mabovu.

UPENDO, AMRI, KAZI

Tumefundishwa maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala. Ndiyo Upendo, Amri, Kazi. Tuyatumie katika nsinsani hii.

Upendo. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola umemwaga damu Lubunga na upande wa Ubundu. Watu wamekimbia mashamba yao. Katika shule yetu kuna watoto wa pande zote mbili, na vitabu ni vichache, kwa hiyo wanasoma kitabu kimoja wawili wawili. Anayetoa asiulize bati lake litamfunika mtoto wa nani.

Amri. Usiibe, ndugu, ni amri hata kwa yule asiyetia kitu mfukoni mwake. Kuanzia sasa kuna sanduku mbele ya kanisa, upande wa kuume, kama lile la Yehoyada. Lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja unao mama mmoja mwuza kwanga, wa pili kijana wa fanfari, wa tatu mwalimu mkuu wa kijiji. Mimi nashika kalamu tu. Hesabu itasomwa Jumapili ileile na kubandikwa mlangoni. Mabati yakifika kijijini, wazazi wa pale watayahesabu wenyewe na kutia sahihi, na karatasi hiyo itasomwa hapa. Likitokea jambo la haraka, hata jambo jema sana, lifanyiwe toleo lake.

Kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Asiye na fedha alete mchele, ndizi, mafuta ya mawese au kuku. Asiye na kuku alete mabega yake: tutahitaji watu wa kupakia mabati mtumbwini, na wenye toleka na pikipiki wa kuyafikisha kutoka Lubunga. Siku ya kuezeka itakuwa salongo ya wote. Tena msikope sokoni kwa riba ili kundi lenu lishinde. Ushindi wa namna hiyo humletea mtoto wa nyumbani njaa.

Namalizia na mama wa mbuzi. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha, akanipa. Mabati ya kalasi mbili ameyaona. Anakuja kusali, anaimba pamoja nasi, lakini wakati wa nsinsani anakaa mahali pake na mikono yake imefungwa magotini. Mtu asimnong'one. Yeye alikwisha kutoa mbuzi wake wa pekee, na mjukuu wake bado yuko chini ya ndele. Tuko nasi wa kufika kwake, si yeye wa kufika kwetu. Siku kalasi ya sita itakapofunikwa, nitampelekea karatasi ya hesabu mpaka nyumbani kwake, nimsomee mstari kwa mstari.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe unaona mkono unaotoa na mkono unaopokea. Utusamehe sisi tuliokawiza sadaka ya maskini. Uwalinde watoto wanaosoma katika mvua, na walimu wao. Uubariki mchele, kuku na franga zitakazoletwa, na usiache hata moja ipotee njiani. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Shemasi, Kisangani